Mvua Isiyopanda Kilima

Mume wangu walimwita Bwana Matone, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na baba yake. Alikuwa mpimaji wa mvua. Kazi hiyo ukiitaja watu hucheka. Wanadhani ni kazi ya kukaa kibarazani na kutazama juu. Mimi niliyeishi nayo najua ilivyo. Kila asubuhi alipanda mpaka kituoni, juu kabisa kilimani, akafungua kijilango cha waya, akatoa kile chombo kilichokinga mvua, akasoma kipimo huku amefumba jicho moja kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Kisha aliyamimina maji katika dumu lake. Ndani ya dumu alitangulia kutia mafuta laini yasiyo na rangi, yanayoelea juu ya maji na kuyafunika kama blanketi ili yasikauke. Mwezi ukiisha alijaza kichupa kidogo mpaka mdomoni, pasibaki hata nafasi ya hewa, akakaza kifuniko na kukizungushia utepe. Kichupa kilikwenda ofisi ya mkoa, mji wa chini, na kutoka huko kikasafirishwa nchi za mbali kupimwa.

Siku aliyostaafu, mkuu wa ofisi alisoma hotuba ndefu. Akamwita mtumishi mwaminifu asiye na doa. Mimi nilikaa mstari wa mbele na gauni langu jipya, nikapiga makofi na wenzangu, kwa maana sikulelewa kumvua mtu nguo mbele za watu. Lakini hotuba ile imenakiliwa, imewekwa kwenye fremu, inaning'inia sebuleni, na wajukuu wanaisoma kwa sauti wageni wakija. Basi na mimi nimeona niandike yangu. Nimesoma shule ya msingi tu, lakini niliimaliza, na mwandiko wangu ulikuwa unaonyeshwa kwa darasa zima. Yeye bado yu hai. Tunaishi nyumba moja, kila mtu na chumba chake na ufunguo wake.

Nilimpenda kwa ajili ya kazi ile. Wanaume wengine wakati huo walijisifu kwa misuli au maneno. Yeye alijisifu kwa mvua, kana kwamba ameinyesha mwenyewe. Mvua ikianza tukiwa tunakula, aliweka kijiko chini, akainua kidole, akasikiliza bati. "Hii ya upepo wa mashariki," akasema. Nami nilikuwa nikimwamini. Tulipokuwa vijana, siku za Jumamosi nilipanda naye kufyeka nyasi kuzunguka kipimo, kwa sababu nyasi zikirefuka hurushia matone ndani na kuharibu hesabu. Watoto wetu wamejifunza kutembea ndani ya ule uzio. Ukiuliza miaka yangu imekwenda wapi, mingi imo katika vile vichupa.

Safari zilianza kitinda mimba wetu alipoingia darasa la kwanza. "Ofisi ya mkoa inaniita kukagua vifaa," aliniambia. Nikamuuliza, na mvua je? Akasema mwalimu wa shule ya kule juu kilimani atamshikia, amekwisha kumwachia ufunguo. Basi nikawa namfungia mzigo. Mashati nilipiga pasi mwenyewe. Na kile kichupa kitupu, ambacho alisema anakwenda kukiosha kwa dawa za ofisini, nilikiviringisha ndani ya taulo kwa mikono yangu kisivunjike njiani. Safari moja ikazaa nyingine, na baadhi zilichukua mwezi mzima wa masika. Siku moja nilikutana na yule mwalimu sokoni, nikamshukuru kwa kutushikia mvua. Akacheka tu, akaniuliza hali ya watoto. Nikadhani ni unyenyekevu.

Miaka ikaenda hivyo mpaka alipokuja Mtaalamu.

Alikuwa binti mwembamba, ana miwani na mkoba mzito wa kompyuta, umri wa mwanangu wa pili. Alishuka kwenye basi mbele ya nyumba yetu, akanishika mkono, akapiga goti kidogo. "Shikamoo mama. Nimekuja kumwona mzee wa mvua. Nimeyajua maji yake kabla sijamjua yeye." Maneno hayo yalinifurahisha mpaka nikatoa vikombe vya kabatini, vile vya wageni. Mume wangu akavaa koti. Wifi yangu, dada yake mume wangu, aliyekuwa akiishi nasi tangu alipoachika, naye akajivuta na kiti chake, maana penye mgeni hakosekani.

"Ndani ya hii," Mtaalamu akasema akiifungua kompyuta juu ya meza yangu, "nina dunia nzima. Bahari, upepo, milima. Nalifuata tone tangu linapopanda kutoka baharini mpaka linaposhuka kwa watu. Mama, samahani, soketi iko wapi? Inakaribia kuzima."

"Dunia nzima imo humo, chaji ndiyo umesahau kuijaza?" Wifi akasema, tukacheka wote.

Halafu akatueleza jambo ambalo mume wangu alilifanyia kazi ujana wake wote bila kuelezwa na mtu. Akasema maji si mamoja. Kuna mepesi na kuna mazito, na kwa jicho wala kwa ulimi huwezi kuyatofautisha. Wenyewe huita mambo hayo isotopu. Jua likiikausha bahari, yale mepesi hutangulia kupanda. Wingu likinyesha, yale mazito hutangulia kushuka.

"Kwa hiyo wingu likipanda kilima," akasema, "kila hatua linaacha mazito nyuma. Mvua inayofika huku kwenu ni nyepesi kuliko ile ya mji wa chini."

"Kama mchukuzi," nikasema. "Mlima ukimshinda anatupa vile vizito kwanza."

"Hasa, mama! Nitawaambia wanafunzi wangu hivyo hivyo."

Mume wangu akakohoa. Hapendi mtu mwingine asifiwe penye mvua.

Mtaalamu akaendelea. Kazi yake ni kutunga hesabu zinazoiga safari hiyo duniani kote, na ili ajue kama hesabu zake zinasema kweli, anazilinganisha na maji halisi yaliyokusanywa na watu kama mume wangu. Eneo letu lote lenye vilima lina kituo kimoja tu, nacho ni chetu. "Na hapo ndipo nilipokwama," akasema. "Miezi mingi kituo chenu na kompyuta yangu wanakubaliana kama mapacha. Halafu unafika mwezi, au miwili mitatu mfululizo, wanakataana kabisa. Maji yanakuwa mazito mno kwa kilima."

"Basi hesabu zako zina kasoro," mume wangu akasema.

"Ndivyo nilivyosema na mimi, mzee. Mwaka mzima nimetafuta kosa kwangu. Milima ndani ya kompyuta yangu ni mifupi kuliko ya kweli, kwa sababu dunia tumeikata vipande vikubwa vikubwa, na kipande kimoja kinameza kilima na bonde pamoja. Nikasema kosa ni hilo. Lakini kilima hakirefuki mwezi huu na kusinyaa mwezi ujao."

Akanywa chai. Mimi sikuwa nimeona bado mambo yanakokwenda. Niliona tu kwamba mtoto wa watu ametoka mbali na ana shaka juu ya kazi ya nyumba yangu, nikaona ni haki yangu kumtoa wasiwasi. Nikasema, na maneno hayo nayakumbuka yote: "Mwanangu, sikiliza. Mume wangu anaweza kusahau kula. Anaweza kusahau jina la mtoto wake, na amewahi. Lakini mvua hajawahi kuitupa. Mimi ni shahidi. Weka mkono wangu popote unapotaka, nitaapa."

Mume wangu hakunitazama. Alikuwa akikoroga chai isiyo na sukari. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayemhurumia mtu:

"Pengine ni kabati. Vichupa huwa navileta hapa nyumbani kabla ya kuvipeleka ofisini. Sasa mama huyu, unajua wanawake na kupangapanga vyombo. Siku moja nilimkuta amekilegeza kifuniko kimoja, anadhani ni dawa ya kikohozi. Sikutaka kumsema."

Katika maisha yangu sijawahi kugusa kifuniko cha kichupa kile. Watoto waliogusa kabati lile nimewachapa mimi. Nikamtazama Wifi, maana yeye anajua. Wifi akaona kuna kitu muhimu sana katika kucha zake.

Mtaalamu akasema, "Ni wazo zuri, mzee. Kifuniko kikilegea maji hukauka, mepesi hutoroka, yanayobaki huwa mazito. Hilo nililifikiria mapema." Akanigeukia, macho yake yana adabu. "Lakini maji yana alama mbili, mama, si moja. Mvua ikinyesha, alama hizo mbili huongozana. Maji yakikauka ndani ya chupa, moja inaiacha nyingine nyuma, na sisi tunaliona hilo waziwazi. Haya ya kwenu yanaongozana vizuri sana. Hayakukauka hata kidogo. Vifuniko vilikazwa, mafuta yalitiwa. Ni mvua safi, iliyokusanywa na mtu anayeijua kazi. Ila si mvua ya hapa."

"Ni ya wapi?" nikauliza.

"Ukiilinganisha na ile inayopimwa mji wa chini, kwa miezi hiyo hiyo, ni kama kuangalia kioo."

Wifi akacheka haraka mno. "Jamani, mvua nazo zina kwao? Hebu tuacheni mambo ya mawingu, chai inapoa."

Mume wangu akainuka, akasema anakwenda kuangalia kijilango. Mtaalamu akafunga kompyuta yake, akasema yupo nyumba ya wageni siku chache, hana haraka. Mimi nikakusanya vikombe. Nilipofika jikoni nikaosha kikombe kimoja mara tatu, na si kwa ajili ya mji wa chini. Hilo lilikuwa bado halijaniingia. Ilikuwa ni ile dawa ya kikohozi. Mtu niliyekuwa nimemwapia dakika ile ile alinitoa mimi sadaka bila hata kubadilisha sauti.

Asubuhi nikawaambia nyumbani kwamba nakwenda kupimwa macho. Nikapanda basi la kwanza kwenda mji wa chini, nikaenda moja kwa moja ofisi ya mkoa. Kulikuwa na karani kijana, mwenye heshima zake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nauliza tu, baba. Mpimaji wa kule kilimani akija huku kukagua vifaa, hulala wapi?"

"Kukagua vifaa?" Akakuna kichwa. "Yeye huja kuleta kichupa tu, mama, dakika tano anatoka. Kulala si kwake? Pale kwa mke wake, fundi cherehani, nyuma ya maduka ya vitambaa. Kwani wewe ni nani wake?"

"Ndugu yake," nikasema. Ukikaa na mtu miaka yote hiyo, ni ndugu, apende asipende.

Nyumba niliitambua kabla sijaona mtu. Uani, mbali na mti na mbali na ukuta kama inavyotakiwa, kilisimama kipimo cha mvua. Kilikuwa kinang'aa. Kimezungushiwa uzio mdogo uliopakwa rangi nyeupe, na nyasi zimekatwa fupi, nadhifu, kama nywele za mtoto siku ya kufungua shule. Kile cha kilimani, tangu magoti yangu yaanze kuniuma, kilikuwa kimemezwa na majani, na kila nikimkumbusha alisema hana nafasi.

Mlangoni akatokea mwanamke wa makamo, utepe wa kupimia shingoni, sindano kadhaa kifuani. Uso wake mwema. Nasema kweli ingawa nisingependa.

"Karibu dada. Unashonesha au unachukua?"

"Natoka kilimani. Kwa mpimaji."

"Alaa! Wewe ni wifi yangu! Karibu ndani, karibu. Yule wifi mwingine alikuja nilipojifungua, akakaa wiki nzima, akanikanda na maji ya moto. Wewe nilikuwa sijakuona."

Nikaketi, kwa sababu sikuwa na njia nyingine. Wiki ile niliikumbuka. Wifi alisema anakwenda kumwona rafiki yake mgonjwa, nami nilimpa kanga zangu mbili za kubadilisha.

"Na mgonjwa hajambo?" akauliza akinimiminia maji.

"Mgonjwa yupi?"

"Si yule mke wa kilimani, maskini. Aliyepotewa na kumbukumbu. Kaka yako ameniambia akiulizwa jana amekula nini hajui. Hata yeye mumewe hamtambui tena. Nilimwambia mapema, mtu kama huyo humwachi, ni dhambi. Nenda ukamtunze. Ndiyo maana anaenda na kurudi, anaenda na kurudi, hatulii."

Nikameza maji. "Anakumbuka kidogo kidogo," nikasema.

"Afadhali. Tunashukuru." Akaona natazama uani. "Unakitazama hicho? Huyo ndiye mke mwenza wangu ninayemwogopa. Akifika, kabla hajanijulia hali mimi, anakijulia hali hicho. Mvua ikinyesha hata chakula hakiliki. Anatia mafuta yake, anapima, anaandika, anafunga. Namwuliza, hii mvua ya uani kwangu unaipeleka wapi? Ananiambia inakwenda kusoma ng'ambo!"

Akacheka, na mimi, ajabu, nikacheka naye. Kwa sababu hapo ndipo nilipomwona mume wangu mzima mzima, kama alivyo. Mwongo mwingine angejaza kichupa bombani akamaliza kazi. Yeye hakuweza, moyo ungemuuma. Alitaka adanganye wake wawili na ofisi, amtie dada yake katika uongo, alitumie jina la mwalimu wa watu, lakini mvua aikusanye kwa kufuata kanuni zote. Aliona ukishakinga mvua ya kweli, kwa chombo cha kweli, umeshatimiza. Mahali hapakumshughulisha.

Niliposimama kuaga, nikamwambia, "Mwanangu, mimi si wifi yako. Mimi ndiye mgonjwa."

Akakaa chini pale pale, juu ya vipande vya vitambaa. Hatukutukanana. Aliniuliza kitu kimoja tu, "Kumbe kesho utanikumbuka?" nikamjibu nitamkumbuka. Kisha nikaenda zangu stendi.

Siku iliyofuata nikamtuma mtu amwite Mtaalamu, nikawaketisha wote sebuleni. Wifi alisema kichwa kinamuuma; nikamwambia kikandwe na maji ya moto, wewe ni bingwa wa kukanda. Akakaa.

"Nimekiona kipimo," nikamwambia mume wangu. "Kizuri. Uzio mweupe."

Jasho likamtoka juu ya mdomo. Nilitegemea aombe radhi, au hata akasirike. Badala yake akamgeukia Mtaalamu, akaanza kujitetea kwa mambo ya mvua! "Mawingu ni yale yale, binti. Yanapita chini ndiyo yanapanda huku. Yakinyesha saa nne kule, saa sita yako hapa. Nimekosa nini? Sikutia maji ya bomba. Hakuna hata kichupa kimoja cha bomba!"

"Najua, mzee," Mtaalamu akasema. "Ingekuwa ya bomba ningeshajua siku ya kwanza. Mimi sikuja kukushtaki. Nataka kitu kimoja tu. Niambie ni miezi gani ulikuwa kule."

"Sikumbuki."

"Jaribu, tafadhali. Nisipojua ni ipi, itabidi nikiondoe kituo kizima. Miaka yote. Eneo lenu lote la vilima litabaki halina hata tone moja la kweli la kunirekebisha."

"Si una kompyuta? Ipi imekukataa, hiyo ifute."

"Siwezi. Nikichagua mwenyewe mwezi unaonifaa nikatupa usionifaa, nitakuwa naipima kompyuta yangu kwa kompyuta yangu. Lazima aseme mtu aliyekuwepo."

Mume wangu akakunja mikono. "Basi futa yote."

Hivyo tu. Asubuhi zake zote, baridi lote lile, magoti yangu, watoto waliojifunza kutembea ndani ya uzio. Yote yatupwe, ili yeye asitamke mbele ya mkewe mwezi hata mmoja aliokuwa kwa fundi cherehani. Na alikuwa na uhakika kwamba hapo yamekwisha. Nadhani alikuwa amesimulia ile habari ya kupotewa na kumbukumbu mpaka ameiamini mwenyewe.

Nikasogeza kiti karibu na meza. "Mwanangu, mimi nilikuwepo. Geuza hiyo kompyuta nisiione, halafu wewe fuata ninachosema."

Akaigeuza.

Nikaanza na mwaka ule kitinda mimba alipoingia darasa la kwanza: mwezi paa la jikoni lilipoezuliwa na upepo, nami nikapanda ngazi mwenyewe na misumari mdomoni. Hakuwepo. Mwaka wa pili yake, masika yote, kitinda mimba alipougua surua. Alirudi upele umeshakauka, akamletea mtoto peremende. Mwezi binti yetu wa kwanza alipochumbiwa, wageni wakaja wakakosa mtu wa kuwapokea, nikamkopa jirani akae kwenye kiti cha baba. Mwezi ukuta wa choo ulipoanguka. Mwezi nilipong'olewa jino, nikavimba, nikashindwa kusema, na hakuna aliyejua kwamba siwezi kusema kwa sababu hapakuwa na wa kusema naye. Mtaalamu alikuwa akibonyeza, anauliza mwaka, nampa mwaka, anabonyeza. Sikuwa nalia. Nilikuwa kama mtu anayeanua nguo kwenye kamba, moja moja, kabla mvua haijafika.

Mahali pamoja mume wangu akasema, "Hapo nilikuwepo."

"Ulikuwepo mpaka mchana. Ukaondoka na basi la saa nane, umevaa shati la mistari lililokuwa na doa la wino, ukasema hata likiwa na doa nani atanitazama."



Nilipomaliza, Mtaalamu alivua miwani akaifuta. "Mama," akasema, "miezi yote uliyoitaja imo katika ile iliyonikataa. Hakuna uliloniongezea, hakuna uliloniongopea. Kituo chenu kinabaki. Nitaandika tu kwamba miezi hii maji yake hayakukusanywa mahali pake. Jina la mtu sitalitia." Kisha akasita, akavaa miwani. "Ila umebaki mmoja. Kompyuta inaukataa vibaya kuliko yote, na wewe hukuutaja." Akautaja mwezi na mwaka.

"Hapana," nikasema papo hapo. "Huo alikuwepo hapa. Mimi ndiye sikuwepo."

Ndivyo ilivyokuwa. Mwezi ule nilikwenda kwetu kumzika mama yangu, nikakaa mpaka maombolezo yakaisha. Watoto nilimwachia Wifi. Mume wangu alipiga simu kwamba yule mwalimu wa kumshikia kazi anaumwa, na mvua zimeshika kasi, hawezi kuziacha. Kaka zangu walisema maneno. Walisema mkwe gani asiyekuja kutia udongo. Mimi, nikiwa na kitambaa cha msiba kichwani, nilisimama nikawajibu wote kwamba mume wangu anatumikia kitu kikubwa kuliko kelele zao, na kaka yangu mkubwa hakusema nami tena mpaka naye alipofariki.

Wifi alianza kulia, na kilio chake kikanijibu kabla sijauliza. Hata hivyo nikamgeukia mume wangu nikauliza, kwa sauti ya kawaida, kama nilivyokuwa nikimwuliza zamani akirudi kutoka kituoni.

"Mwezi niliomzika mama, mvua ilinyesha?"

"Ilinyesha," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ilinyesha sana."

"Wapi?"



Mtaalamu akaniuliza polepole kama mwezi ule auache ulivyo, kwa kuwa hakuna shahidi. Nikamwambia, "Shahidi ni mimi. Utoe, mwanangu. Hiyo si mvua ya kwetu."

Akautoa.